Kiitikio Kilichoondolewa

Wimbo wenyewe una vitu vichache mno: mlio wa tairi, mlio wa vidole, na sauti ya mwanamume anayesema chinichini kama mtu anayempa jirani habari za nyumbani. Hakuna gitaa, hakuna kinanda. Kila ubeti ukiisha, mwanamke anauliza, "Uko?" Hajibiwi. Panakuwa kimya, kisha tairi linalia tena.

Mwanamke huyo ni mimi. Hapa Likasi, kusini mwa Kongo, wimbo huo bado unapigwa, na wengi wanaoupiga wanadhani sauti yangu ilichukuliwa kwenye simu ya mtu fulani au kwenye filamu. Sijawahi kujisumbua kuwasahihisha. Ila siku hizi naona watoto wangu wanakua, na nataka wajue ulivyotengenezwa, kwa sababu wimbo ninaoukumbuka mimi si huo unaopigwa.

Aliyeutunga tulikua pamoja katika mtaa wa Panda, nyumba zetu zikitazamana. Baba zetu walifanya kazi kiwandani, na asubuhi walishuka kwa baiskeli wakiwa pamoja, wakibishana habari za mpira hadi tusiwasikie tena. Kwetu tulikuwa watu wa Kasai. Babu yangu aliletwa kuchimba shaba, na hadi leo ndani ya nyumba tunasema Kiluba cha huko. Mama yake alikuwa Mubemba wa upande wa mpakani. Kwa hiyo mimi na yeye tulikuwa na lugha nyingi za kuchagua, lakini Kiswahili ndicho kilichokuwa cha wote wawili, na hicho ndicho tulichochezea, tukagombania, na baadaye tukaimbia.

Mimi niliimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia. Yeye hakuweza kuimba kabisa. Mwalimu wa kwaya alimsikiliza, akamwambia kwa upole kwamba kazi ya kubeba mabenchi nayo ni ya Mungu. Akabeba mabenchi. Alibeba mabenchi miaka yote ya ujana wetu ili apate sababu ya kubaki kwenye mazoezi, amekaa nyuma, akipiga vidole polepole pale sisi tulipokuwa tukikosea.

Kisha kazi za kiwandani zikapungua. Baba yake alikwenda Kakanda kutafuta kampuni mpya, na kaka yake mkubwa akaenda Kamatanda na wale wanaochimba kwa mikono. Yeye akabaki na mama yake. Akajifunza kuziba matairi, kazi ambayo sisi huku tunaiita kwado, kwenye kibanda kando ya barabara kubwa ambapo malori ya Kolwezi hupita yakielekea Lubumbashi. Mimi wakati huo nilikuwa nimeanza kufundisha shule ya msingi. Nikitoka shule nilipita kwenye kibanda chake, naye alifuta benchi kwa shati lake ili nikae. Hakuwahi kuniambia kwamba ananipenda, wala mimi sikumwambia. Lakini sikumbuki siku hata moja niliyopita njia nyingine.

Hapo kwenye benchi ndipo niliposikia maneno ya wimbo kwa mara ya kwanza. Alikuwa akigonga tairi la lori kwa nyundo ya mpira, akitafuta pale lilipokwama kwenye rimu, na kati ya kugonga na kugonga akasema kama anayejisemea mwenyewe:

Papa alienda Kakanda, sahani moja tulifunika.
Yaya alienda Kamatanda, sahani ingine tulifunika.

Kutoka baba na kaka akaendelea hivyo hivyo, mjomba Angola, shangazi Kasai, sahani moja baada ya nyingine, mpaka mezani ikabaki moja tu. Aliponyamaza nilijua mama yake ndiye aliyebaki na sahani hiyo, na kwamba yeye mwenyewe bado hajasema ataenda wapi. Nilimwambia wimbo huo unataka kiitikio. Alikubali mara moja. Aliniomba nikitunge mimi.

Nilikitunga kwa wiki nzima, nikipika, nikisahihisha kazi za wanafunzi, nikienda kuteka maji. Kilikuwa kirefu. Kilianza chini, karibu na sauti ya kusema, kikapanda pole pole, na pale juu kabisa kiligeuka ghafla, kikashuka kwa njia ambayo kwaya yetu isingethubutu. Nilikuwa nakipenda. Baba yangu, ambaye alikuwa amestaafu ufundi wa umeme na muda mwingi alikaa barazani na redio yake, alikuwa akipunguza redio anaponisikia nakifanyia mazoezi jikoni.

Studio ilikuwa nyuma ya duka la picha, karibu na soko la Kikula. Mwenyewe alikuwa baba wa makamo, mpiga kinanda wa kanisa fulani la uamsho, mtu mkarimu aliyependa muziki ujae. Kuta zake alikuwa amezibandika trei za mayai, na dirishani alikuwa ametundika godoro. Tulimwita papa kwa heshima, naye alituita wanawe. Siku ya kwanza alitusikiliza akiwa amefumba macho, kisha akaanza kumimina. Akaweka ngoma za kompyuta, kinanda, gitaa, filimbi, na sauti za violini ambazo alituambia zilitoka Ulaya. Yeye akasema beti zake. Mimi nikaimba kiitikio, nikakiimba tena juu yake kwa sauti ya kwanza, na tena kwa ya tatu, mpaka nikawa kwaya nzima peke yangu.

Papa alipotuchezea kazi yote, nilishika mdomo. Ulikuwa mchana wa jua kali, chumba kina joto la tanuri la mkate, na sisi watatu tulikaa tumebanana kwenye sofa moja iliyochanika tukisikiliza wimbo uliojaa hadi mlangoni. Mama mmoja aliyekuwa dukani akisubiri kupigwa picha ya pasipoti alisukuma mlango, akachungulia, akabaki amesimama pale hadi mwisho. Nilimwangalia rafiki yangu nikitaka kuona furaha yake. Alikuwa anaangalia sakafu.

Njiani aliniambia, "Iko mingi. Siko najisikia."

Nilidhani atauzoea huo wingi wa sauti, aanze kujisikia ndani yake. Lakini wiki iliyofuata nilipofika studio niliwakuta wakibishana mlangoni kuhusu tairi. Alikuwa ameliviringisha tairi la lori kutoka kwenye kibanda chake hadi Kikula, akalipitisha katikati ya duka, mbele ya watu waliovaa suti wakingoja picha ya harusi, na sasa alitaka liingie kwenye chumba cha muziki. Papa alisema kwamba katika maisha yake amerekodi maaskofu na hataweka tairi mbele ya mikro yake ya kurekodia. Mwishowe alicheka mwenyewe, akasogea. Tairi likalazwa juu ya magunia, nyundo ya mpira ikaletwa, na rafiki yangu akaligonga.

Ukisikia mlio huo kwenye simu huwezi kuujua. Pale chumbani ulikupiga tumboni. Ulikuwa mzito, mfupi, hauna mwangwi. Kama mtu anayeweka mzigo chini baada ya safari ndefu. Papa aliondoa vifaa vya masikioni, akamwangalia, akasema agonge tena.

Baada ya hapo walianza kuondoa. Mimi nilikuwa kwenye sofa, nikila mkate niliokuja nao. Rafiki yangu alisimama nyuma ya papa, mikono mfukoni, akiomba kwa adabu kitu kimoja kimoja. Ngoma za kompyuta zikatoka kwanza, na hilo nililikubali, maana tairi lilikuwa zuri kuliko zote. Filimbi ikatoka. Violini zikatoka. Papa alipumua kwa uchungu lakini akabonyeza. Gitaa likatoka. Kinanda, ambacho papa alikipiga kwa vidole vyake mwenyewe, kilikaa kidogo, nacho kikatoka. Kila mara walipocheza tena, maneno yalisogea karibu zaidi, hata nikaanza kusikia namna anavyovuta pumzi kabla ya kutaja Kamatanda. Nilifurahi kwa ajili yake. Nilijiona mwenyewe nikiingia katika ule uwazi na kiitikio changu, sauti zangu tatu juu ya tairi, bila kitu cha kuzifunika.

Papa akageuka akaniangalia mimi kabla ya kumuuliza yeye habari za kiitikio, "Na refrain?"

Rafiki yangu aliendelea kuangalia kompyuta. "Tutoe kwanza," alisema, "tusikie."

Sauti zangu zikazimwa, ya tatu, ya kwanza, na mwisho ile ya pili, ya chini, iliyokuwa mwili wa kiitikio chote. Lakini papa aliizima akiwa amechelewa, na mwanzoni mwake, kabla sijaanza kuimba, palikuwa na neno nililosema siku ile ya kwanza. Vifaa vya masikioni vilikuwa vimeniletea ukimya, nami nikauliza kwenye mikro kama papa bado yuko upande wa pili wa kioo. "Uko?" Sauti ya kawaida, ya mtu mwenye wasiwasi kidogo. Ilitoka peke yake baada ya sahani ya mwisho, na baada yake hapakuwa na kitu.

Rafiki yangu alitoa mikono mfukoni. "Acha ile," alisema. "Ile tu."

Ndivyo wimbo ulivyokwisha kutengenezwa. Nilimaliza mkate wangu. Tulipokuwa tukirudi nilimuuliza kwa nini, naye alisema wimbo wenyewe ndio ulikataa, si yeye. Akasema nisikilize kwa siku chache nitaona. Nilisikiliza, na ukweli ni kwamba niliona. Wimbo ulikuwa bora. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba sikuwa hata na hoja ya kumshindia.

Nyumbani nilimchezea baba kwenye simu. Aliinamisha kichwa, akasikiliza hadi mwisho, akaomba nirudie. Mara ya pili alingoja hata baada ya mlio wa mwisho wa tairi, kama mtu aliyeambiwa mgeni yuko njiani.

"Mama," aliniambia, maana wanaume wa kwetu huwaita binti zao mama, "na weye uko fasi gani mu ule mwimbo?"

Nilimwonyesha mahali nilipo, lile neno moja. Akatikisa kichwa kwamba amelisikia. Hakuniuliza tena, na redio yake akairudishia sauti.

Redio ya mjini iliukataa. Mtangazaji aliusikiliza nusu, akatuambia tuulete ukishakwisha. Lakini malori yalikuwa yanasimama kwa kwado kila siku, na dereva anayengoja tairi lake hana la kufanya. Rafiki yangu aliwachezea, nao wakaomba awape kwenye simu zao. Hivyo wimbo ulifika Kolwezi, ukafika Kasumbalesa kwenye foleni za mpaka, ukavuka hadi ng'ambo ya Zambia, na ulirudi Likasi ukiwa tayari ni wa watu. Siku mtangazaji yule alipoupiga alisema ni wimbo mpya kutoka Lubumbashi.

Kisha mji ukabadilika kidogo, jinsi mji unavyobadilika kwa wimbo. Vijana wa pikipiki wakaanza kuulizana "Uko?" badala ya kusalimiana, na jibu lilikuwa ngumi mbili juu ya tangi la mafuta. Wavulana waliokuwa wakiimba na kompyuta zilizojaa vinanda walitupa vyote. Mmoja aliimba juu ya mlio wa ndoo, mwingine juu ya kisu na ubao wa kukatia mboga, na mtindo huo wakauita muziki mukavu, yaani usio na mchuzi. Niliona bibi harusi akiingia ukumbini kwa tairi peke yake, hatua kwa hatua, na wageni ambao kwa kawaida hupiga vigelegele wakasahau kupiga. Hata kwaya yetu, Kwaresima moja, iliimba zaburi bila kinanda, kwa makofi machache tu. Mwalimu wa kwaya alisema ni kwa ajili ya toba. Sisi tulijua alikoitoa.

Papa wa studio alinilalamikia sokoni, nusu kwa mzaha. Vijana wanakuja kwake mlolongo, alisema, na wote wanamwomba asifanye kitu.

Shuleni kwangu ilikuwa ngumu zaidi. Darasa langu lilikuwa la tatu. Ilinitosha kugeukia ubao, nyuma yangu dawati lianze kugongwa, vidole vifuate, na mtoto mmoja wa kike mwenye sauti nyembamba aulize, "Uko?" Darasa zima likanyamaza kwa muda ule ule hasa. Nilikuwa nageuka na kuwaambia watulie. Walitulia. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba anayewakataza ndiye wanayemwigiza, na mimi nilisimama pale na chaki yangu, nikiona wivu kwa mtoto wa miaka minane.

Alianza kuitwa Lubumbashi kuupiga wimbo ukumbini. Kwanza mara moja moja, akirudi Jumatatu kwenye matairi yake. Halafu kibanda kikaachiwa binamu yake. Jumapili moja baada ya misa alinisubiri nje ya kanisa. Alikuwa amevaa viatu vipya, na aliviangalia kuliko alivyoniangalia. Akaniambia twende wote. Wenye ukumbi wa huko wanataka sauti ya kweli jukwaani, si ya mashine.

"Niende Lubumbashi kusema neno moja?" nilimuuliza.

Alisema si neno tu. Nilingoja aseme ni nini basi. Kengele ya misa ya pili ililia, watu wakatupita, na yeye akavuta mkono wa shati lake kama anayetafuta saa ambayo hakuwa nayo. Baba yangu wakati huo alikuwa ameanza kuumwa kifua; hakulala bila mtu wa kumwinua mito. Nilimwambia anipe mpaka Pasaka. Alikubali, na alikubali vizuri, kwa moyo. Lakini kabla ya Pasaka walikuwa wamekwisha kupata namna ya kulibonyeza neno langu kwenye mashine, na lilikuja kila lilipohitajika, halichelewi, halina baba mgonjwa.

Alipiga simu, kisha akapiga mara chache zaidi. Tukasikia yuko Lusaka. Halafu mama yake akaniambia yuko Afrika Kusini, anafanya kazi ya magari na muziki siku za mapumziko. Namba niliyokuwa nayo ikawa haiiti tena. Wimbo haukuondoka naye. Nilikuwa napita mbele ya kibanda cha kuuza salio na kujisikia nikiuliza, nikaingia sokoni kununua kapenta, dagaa wetu, na kujisikia tena, na kila mara moyo ulinyanyuka kama ninayetaka kusikia jibu, ingawa nilijua vizuri kuliko wote kwamba baada ya neno lile kuna ukimya na tairi.

Baba alifariki msimu wa mvua. Niliolewa miaka miwili baadaye na fundi wa mitambo anayefanya kazi Kakanda, wiki kadhaa kambini na siku chache nyumbani. Tulijuana kwa njia ya ajabu. Alikuwa amekuja shuleni kumchukua mtoto wa dada yake, nilimwita nje ya darasa nikiwa sijamwona, nikasema "Uko?" kama mtu yeyote angesema. Akaingia na uso wa mtu aliyeitwa na redio. Alinitazama, akamchukua mtoto, akaondoka. Kesho yake alirudi bila sababu yoyote ya mtoto.

"Njo weye," aliniambia, yaani ndiwe. "Ule wa mu wimbo."

Ni mtu pekee aliyewahi kunitambua. Nilimpenda kwa hilo kwanza, na baadaye kwa mengine mengi. Ni mtu mwema na nyumba yetu ni ya amani. Nasema hivyo ili asiyenijua asidhani nilikaa nikilia dirishani. Kutamani hakuna kelele. Unapika bukari, ugali wetu, unawafunga watoto vifungo, unacheka, na chini ya hayo yote kuna mtu bado anapanda kuelekea ile sehemu ya juu kabisa ya kiitikio.

Mwaka jana mama wa rafiki yangu alifariki. Nilikwenda msibani kama jirani wa zamani, nikabeba unga na kuni, nikakaa na wanawake kwenye mikeka. Yeye alifika kwa basi mchana wa siku ya pili. Nywele zilikuwa zimeanza mvi pembeni, na mabega yake yalikuwa ya mtu anayelala kwenye vitanda vya wengine. Alimlilia mama yake kama inavyopasa. Baada ya maziko, siku watu walipopungua, alivuta kiti cha plastiki hadi nilipokuwa nachagua mchele chini ya turubai, akaniuliza habari za watoto, nami nikamuuliza habari za huko. Alisema hana mke. Alikuwa naye, wakaachana. Alisema huko pia kuna vijana wanaotengeneza muziki wa namna ile, na hakuwahi kuwaambia kwamba ni yeye aliyeuanza.

Nilikuwa na swali langu la kwa nini kwa miaka mingi na nililiuliza bila kuinua macho kutoka kwenye mchele.

"Juu ya nini ulitoa refrain yangu? Na usiniambie ni wimbo."

Alichukua punje kadhaa za mchele, akazigeuza kiganjani. "Ungebakia mule," alisema, "bantu bangesikia weye tu. Miye ningekuwa kama ule wa kubeba mabenchi."

Sikukasirika. Nilidhani nitakasirika. Nilimwambia kwamba sasa nakitaka, siyo kwa ajili ya watu, kwa ajili yangu. Nataka nikisikie mara moja tu. Akatikisa kichwa polepole. Alikuwa amekwisha kukitafuta, alisema, miaka mingi nyuma. Alimpigia papa wa studio kutoka Lusaka. Radi ilipiga duka la picha msimu mmoja, kompyuta ikaungua na kila kitu kilichokuwa ndani yake, maaskofu na sisi. Papa mwenyewe alihamia kwa watoto wake Kolwezi. Wimbo ulisalimika kwa sababu ulikuwa umekwisha kusambaa kwenye simu za watu. Kilichoondolewa hakikuwa kwa mtu yeyote.

"Si uko nacho mu kichwa?" aliniuliza.

Hapo ndipo nilipoogopa. Nilijaribu kwa sauti ya chini sana, ya mtu anayechagua mchele. Mwanzo ulikuja wote, ile sehemu inayokaribia kusema. Nilianza kupanda. Halafu, bila kujua, nilikuwa nimeingia katika wimbo wa sadaka tunaouimba kila Jumapili, na nilipotaka kurudi sikuona njia. Nikaanza tena, nikapotea mahali pale pale.

"Apana," alisema yeye. "Pale ulikuwa unangoja kidogo. Kisha ulipanda."

Na mtu huyo, ambaye hajawahi kuimba noti moja sawasawa maisha yake yote, alipiga vidole vyake gotini kunionyesha mahali pa kungoja. Nilingoja. Nikapanda. Noti ikawa ndiyo yenyewe, niliijua mwili mzima. Tukaendelea hivyo, mimi nikitafuta sauti, yeye akinishikia muda, na tukakipata kipande baada ya kipande hadi karibu na juu. Kisha shangazi yake mmoja, aliyekuwa upande wa pili wa turubai, aligeuza shingo akatutazama. Hakutukaripia. Alitutazama tu, nasi tukakumbuka ni msiba wa nani. Nikanyamaza. Yeye akaweka mikono yake juu ya magoti, akaiacha hapo.

Kesho yake alipanda basi la asubuhi. Nilikuwa darasani. Alinitumia namba yake mpya kwa binamu yake wa kwado, na ninayo. Tumeandikiana salamu za Krismasi na za mwaka mpya. Hatujazungumza habari za kiitikio, labda kwa sababu kwa simu huwezi kumpigia mtu vidole kwa wakati unaotakiwa.

Lile geuko la juu, lile lililoshuka kwa namna ambayo kwaya isingethubutu, halijarudi. Nimejaribu nikifua, nimejaribu nikiwa peke yangu kanisani baada ya mazoezi. Naweza kutunga jingine, na nimetunga, mengine mazuri. Lakini najua kwamba ni mapya. Yana ujuzi wa mwanamke niliye sasa. Yule aliyebanana kwenye sofa iliyochanika, katikati ya wanaume wawili, akisikiliza sauti zake tatu zikijaa chumba kile cha joto, hakuwa na ujuzi wowote, na yeye ndiye ninayemtafuta.

Mume wangu aliporudi kutoka Kakanda nilimweleza yote, na alitaka kusikia. Tulikuwa uani, jioni haijaingia, overoli zake zimelowekwa kwenye beseni, na upepo ulikuwa umeleta ule moshi wa kiwandani unaokohoza, ambao sisi wa hapa hatuuoni tena. Nilimwimbia nilichonacho, kutoka chini, nikangoja pale pa kungoja, nikapanda hadi ninapofika, nikaacha.

"Na mbele?" aliniuliza.

Nikamwambia mbele sina. Alisogeza beseni kwa mguu, akakaa karibu, akaniomba nianze tena.